Sababu za Elibariki Kubaki Mjini

Zamani, ikifika tarehe ishirini Desemba, maduka ya Wachagga Kariakoo yalifungwa moja baada ya jingine, na mitaa ikapata pumzi. Ungeweza kutembea Msimbazi yote bila kugongwa bega. Elibariki naye alifunga lake, duka la vifungo, zipu na nyuzi pale Mchafukoge, akapanda basi na wenzake kwenda kwao Machame, mlimani, wakiimba tangu Chalinze.

Kisha akaacha. Miaka kumi na miwili.

Nyumba ndiyo iliyomkwaza. Kwa fedha ya vifungo alimjengea baba yake nyumba ya matofali, hapohapo kihambani, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Baba alipofariki, ukoo ulikaa, na kwa mila nyumba ya baba ikawa ya kitinda mimba, Anaeli. Mila hiyo Elibariki aliijua tangu utotoni. Alipokuwa akijenga hakuikumbuka. Siku ya kikao alimwita mdogo wake mwizi mbele ya wazee.

Kila Desemba jirani yake Abdulmalik, muuza vitenge, alimchokoza: Mangi, mlima wenu umehama? Elibariki alijibu kwamba biashara imechanganya. Mwaka mwingine nauli, mwaka mwingine goti. Hakudanganya, goti lilimuuma kweli. Ila kila mara aliinama kwanza, akaitafuta sababu kama anavyomtafutia mteja kifungo kinachofanana na kilichopotea.

Mwaka jana, asubuhi ya tarehe ishirini na moja, Abdulmalik alimkuta anashusha mlango wa chuma, begi liko chini.

"Mangi, wapi tena?"

"Machame. Naenda kumwomba radhi Anaeli."

Hakuinama. Jibu lilitoka lenyewe, na alipolisikia alijua kwamba alikuwa nalo siku nyingi, labda tangu mwaka wa kwanza wa kubaki.

Abdulmalik, ambaye hakuwahi kukosa utani, leo aliuweka kando. Kisha akauliza ataanzaje, baada ya neno lile na miaka yote hii. Elibariki akasema atachuma jani la isale, lile ambalo Mchagga aliyekosa humpelekea aliyekosewa, maana kwa mila anayeletewa hapaswi kukataa.

"Na akikataa?"

Elibariki alimalizia kushusha mlango.

"Ile nyumba ni yake. Hata akikataa, nitamwambia hilo mlangoni."

Akafunga kufuli, akampa Abdulmalik funguo, akaondoka.