Udi Kwenye Duka la Hisani

Sisi wa Maskati kutoa nguo tunajua. Kununua iliyovaliwa na mwenzio ndiko kunakotutia haya. Jumamosi nilipeleka mfuko wangu wa nguo kwenye duka la hisani kule Al Amerat, linalouza nguo zilizotolewa sadaka, nikakuta wasichana watatu wa skuli mlangoni, na sare zao, chetezo kinafuka moshi. Wanafanya kampeni ya kulitafutia duka wanunuzi, na kila nguo wanaifukiza udi kama ya bibi harusi!

Bibi mmoja akanipita na furushi lake. "Mie nimekuja kutoa tu. Nguo nnazo tele."

"Sawa, bibi, lakini nusa," akasema msichana, akimsogezea kanzu ya kijani.

Bibi akanusa. Akafumba macho, akanusa tena. Furushi chini, kanzu kifuani, simu sikioni: "Dada, njoo mbio! Na wifi yako mlete!"

Haikupita nusu saa, duka halina pa kukanyaga. Wanawake wanacheka, wanavutana mikono ya kanzu, na mimi nimo, nimekumbatia ya zambarau. Nikamnong'oneza msichana anitilie kwenye mfuko mweusi.

"Mifuko hatuna, khala. Ivae."

Nikalipa, nikaivaa. Nje, jirani yangu akateremka garini, akanizunguka mara mbili. "Mashallah! Fundi wako nani? Usinifiche!"

Nikawanyooshea kidole wale wasichana watatu na chetezo chao. Ile haya yangu sijui niliiacha wapi. Pengine imo kwenye ule mfuko niliokwenda kuutoa.