Kuni za Maongezi

Juzi, kwenye ofisi ya kata ya Bukiriro, bwana misitu alitueleza mpango wa serikali. Vilima vinabaki vipara kwa kukatwa kuni na mvua inatukimbia, kwa hiyo wenyeji na wakimbizi wapike pamoja, sufuria moja, moto mmoja.

Mama mmoja mwenyeji akanyoosha mkono. "Mimi na huyu jirani yangu mkimbizi tulishaanza, bwana."

"Safi sana! Kuni zimepungua?"

Wakatazamana, wakaziba midomo kwa khanga.

"Maharage yakiiva tunaepua," akasema mwenyeji. "Lakini mwenzangu anakuwa bado anasimulia habari za kwao, na baridi hii unaijua. Tunachochea tena."

Bwana misitu alicheka mpaka akavua miwani. Mpango wenyewe nimeupenda. Tatizo, walioutunga walipima muda wa maharage kuiva, wakasahau kupima muda wa mtu aliyekimbia kwao kumaliza kusimulia.