Glasi ya Tatu ya Basu

Basu alikuwa ameapa mbele ya mkewe kwamba hatahama kijiji chao cha Tazgart maadamu mgeni anaketi kwenye mkeka wake na kumaliza glasi tatu za chai. Siku mgeni atakaposhindwa, watamfuata binti yao mjini. Basu alikuwa mtu wa maneno makubwa, na mkewe Tuda, aliyetaka kuhama tangu zamani, hakusahau hata moja.

Mfereji ulikauka tangu wenye mashamba ya matikiti kule juu walipoweka pampu zao za kuvuta maji. Mitende ikafa, majirani wakaondoka nyumba baada ya nyumba. Kikabaki kisima kimoja, nacho kiliingiwa na chumvi. Wazee hao wawili walisema wameizoea.

Miezi minne ilipita bila mgeni, kisha akaja Akka, mnunuzi wa mbuzi, ambaye marehemu babake alilala mara nyingi katika nyumba ile. Basu alifurahi mno. Alivunja bonge zima la sukari, akatia nanaa yote iliyobaki, akamimina kutoka juu kwa mbwembwe za ujana wake ili povu lisimame. Halikusimama.

Akka aliimeza glasi ya kwanza akitazama ukuta. Ya pili akaishika tu.

"Kunywa, mwanangu. Au siku hizi mnaonja tu, kama maharusi?"

Akka alicheka kidogo, akatoka kwenda kwenye lori lake. Akarudi na katoni ya maji ya chupa, akaiweka miguuni pa mzee kwa adabu zote.

"Usinielewe vibaya, mzee wangu. Pika tena kwa haya, nitakunywa hata kumi."

Maisha yake yote Basu hakuwahi kupewa maji na mgeni. Jambo hilo lilimuuma, na ubaya wake ni kwamba kijana hakuwa na kosa la kulaumiwa. Basi akapika. Safari hii povu lilisimama vizuri, na Akka akanywa glasi zote tatu, akashukuru, akaenda zake.

Tuda alikusanya glasi taratibu. Alimwonea mumewe huruma kuliko alivyoutamani mji.

"Si amemaliza tatu?" alisema.

"Amekunywa maji yake. Mimi nilimchemshia tu." Basu aligeuza uso kuelekea ukutani. "Mpigie mtoto."

Tuda alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka mitatu. Aliichukua simu, akaishika mkononi, asiweze kubonyeza.