Simu Dirishani kwa Mama Mapazia

Walimwita Mama Mapazia kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakushona kingine, kwenye chumba cha ghorofa ya pili juu ya njia panda. Mambo ya siasa aliwaachia wenyewe.

Asubuhi ambayo serikali ilikata intaneti ili kuzima maandamano, binti wa kaka yake, muuguzi, alipanda ngazi akihema. Alichukua simu ya shangazi yake, akaiwekea programu kutoka kwenye simu yake, kisha akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha.

"Shangazi, usiiondoe hapo. Wala usiizime."

"Si mmesema intaneti imekatwa?"

"Hii haiihitaji. Simu inaipasia ujumbe simu iliyo karibu, nayo inaipasia nyingine. Yako inaunganisha mtaa wa juu na wa chini."

"Na hao watu wanaambiana nini?"

"Huwezi kusoma. Ujumbe umefungwa. Kwako unapita tu."

Akaondoka. Mama Mapazia akabaki anaikodolea macho ile simu, isiyo na hata salio. Wanasema mjumbe hauawi, lakini mjumbe walau anajua katumwa nini.

Chini vijana walijaa barabarani. Ghafla wote wakageukia kichochoro, kimya kimya, na dakika mbili baadaye magari ya polisi yakakuta barabara tupu. Akaitazama barabara, akaitazama simu.

Adhuhuri askari wawili waligonga. Mkubwa wao aliichukua simu dirishani, akafungua meseji: vipimo vya madirisha ya wateja, basi.

"Mama, nani anawapa habari hawa vijana?"

"Hata mimi nataka kujua, baba."

Alisema kweli tupu, na labda ndiyo maana walimwamini. Simu wakaiacha juu ya cherehani.

Walipoondoka alikaa akiiangalia. Angeweza kuizima, yakaisha. Aliirudisha kwenye kioo, akarudi kwenye cherehani.

Siku ya nne intaneti ilirudi. Redioni walisema hali ni shwari. Sokoni walisema hakuna kilichobadilika. Muuguzi alikuja, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Majeruhi wengine tuliwafikia kupitia kwako, shangazi."

"Wangapi?"

"Hatujui. Programu haihesabu."

"Sasa mimi niliandamana, au sikuandamana?"

Binti alicheka.

"Kwa kweli sijui," akasema, akaomba maji ya kunywa.