Kijumba Kilicholainishwa Ndani

Watu walimwita Fundi Msasa, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Hakuweza kuona ubao unaokwaruza akanyamaza. Alipostaafu useremala akawa anaokota mbao za makabati yaliyovunjwa na kutengenezea vijumba vya ndege: kipaa, kitundu cha kuingilia, randa, msasa, vanishi. Nje na ndani, jamani! Nani alimwambia shomoro anataka vanishi?

Hata sakafu ya chumbani aliipiga nta kila Jumamosi mpaka mtu anajiona uso. Hapo ndipo mkewe alipoteleza akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini hamu ya kusimama ilikuwa imemtoka. Daktari alishasema wazi: akiendelea kulala tu, hatatembea tena. Mzee akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Wapi!

Mpaka shomoro walipotaga kwenye kijumba alichotundika nje ya dirisha. Mkewe akaanza kula huku akiwatazama. Siku moja akasema, "Makinda wakitoka, na mimi nitatoka kitandani." Nusura mzee acheze.

Makinda wakaota manyoya. Shomoro jike akawa anawaita kutoka kwenye tawi, nao wanalia humo ndani bila kutokeza hata kichwa.

"Mbona hawatoki?" mkewe aliuliza kila siku. Kisha sauti zikapungua.

Asubuhi moja mzee alipanda ngazi akafungua paa la kijumba. Wawili walikuwa wamekufa, mmoja anahema. Kuta ziling'aa, na alama za kucha zilipanda kutoka chini zikaishia katikati. Alielewa papo hapo. Akazikwangua kuta kwa patasi mpaka zikakwaruza vidole, akamrudisha yule aliye hai.

"Wametoka?" mkewe aliuliza alipoingia.

Ulimi ulimwasha kusema ndiyo. "Hapana, mke wangu. Nililainisha mpaka ndani. Walikuwa wanateleza."

"Kama mimi," alisema mkewe. Miezi saba hakuwahi kulitamka hilo.

Mzee alileta nyundo na tindo, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuichimbachimba sakafu yake, machozi yakimdondoka kwenye nta.

"Unaiharibu."

"Acha iharibike."

Mikono ilipomchoka akaweka nyundo chini. Mkewe alikuwa ameketi, miguu inaning'inia kitandani, ameng'ang'ania ukingo.

"Usiishie hapo, mume wangu," alisema. "Fika mpaka mlangoni."