Nyaya za Nyumba ya Mariam Poni

Mariam Poni akihamia nyumba, hatangulizi chai. Anafagia. Hata kama aliyetoka amefagia vizuri, yeye atafagia tena, halafu ataanza kutazama kuta kama askari wa forodha, akitafuta kitu kilichoachwa na mtu mwingine. Akikiona, hicho kitu kimekwisha.

Mimi naitwa Drateru. Nakaanga mandazi ng'ambo ya njia, hapa Koboko, mlango wangu unatazamana na wake. Nalitaja hilo mapema ili msije mkasema nimeokota maneno sokoni. Haya niliyaona mwenyewe, na mbuzi wangu alikuwemo.

Poni anauza mabeseni na madumu. Alizaliwa Yei, akavuka kuja Uganda akiwa mtoto, ameshika nguo ya mama yake. Wakakaa kambini, baadaye akaenda Arua kutafuta maisha, akapanga chumba baada ya chumba. Kila chumba kilikuwa na vitu vya watu: kalenda ya mtu ukutani, sanduku la mtu chini ya dirisha, kitanda kibovu ambacho mwenye nyumba alisema usiguse, mwenyewe atarudi. Mwenyewe wapi! Miaka yote hiyo Poni alilala katikati ya mali za watu wasiorudi.

Basi biashara ilipomvuta Koboko, kwa sababu wanunuzi wa Lobule na wa ng'ambo ya mpaka wote wanapitia huku, akapata nyumba nzima yenye ua. Mwenye nyumba, ambaye anakaa mbali, akamwambia kwa simu, "Fanya unavyotaka." Nilimwona siku hiyo. Alikaa juu ya dumu akalia kwa furaha, halafu akaniomba ufagio.

Sasa hiyo nyumba zamani ilikuwa ofisi ya shirika moja. Pesa za wazungu zilipoisha, shirika likafunga mizigo likaenda, likaacha nyaya. Jamani, nyaya! Za bluu, za kijivu, zimepanda ukuta, zimezunguka milango, zimetoboa dari, zimeingia kwenye kisanduku cheupe ambacho taa zake zilizimika zamani. Huko ndani buibui walikuwa wamejenga mji.

"Ni za intaneti hizo," mwenye nyumba alisema. "Zimekufa. Toa zote."

Ni kama kumwambia fisi, kula mfupa. Poni aliazima koleo langu akaanza. Vile vibanio vya plastiki vyenye msumari vilikuwa vinaruka kama bisi kwenye sufuria. Kila waya aliouchomoa aliuaga: "Nenda kwenu." Mwingine: "Nenda kwenu na wewe."

"Poni, polepole," nikamwambia. "Nyumba itaanguka."

"Ikianguka, ianguke ikiwa safi."

Akamaliza ndani, akatia nyaya kwenye magunia. Kisha akatoka nje, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye kona ya paa kulikuwa na waya mmoja mnene, mweusi. Ulishuka, ukafuata uzio wa njia, ukapita mbele ya nyumba ya jirani yetu Mzee Sulaiti, ukaenda mpaka kwenye mlingoti ulio kando ya msikiti. Zamani ulikuwa juu, lakini sasa ulikuwa umeshuka usawa wa kiuno, umefungwa kwenye nguzo za uzio kwa vitambaa. Vitambaa! Tukacheka. Tukasema ni michezo ya watoto. Mzee Sulaiti mwenyewe hatukumuuliza, alikuwa ndani na homa, mlango umefungwa. Poni akauvuta waya wote, akaukata vipande.

Waya mzuri namna ile hautupwi Koboko. Poni akatundika kipande kirefu uani kwake, akaanika mashuka. Lemi, yule wa Lobule anayeleta muhogo kwa baiskeli, akapita akaomba kipande cha kufungia magunia. Na mimi je, nikae tu? Nikachukua changu nikamfunga mbuzi wangu kwenye nguzo ya uzio, karibu na mlango wa Mzee Sulaiti, maana hapo majani ni mazuri.

Huyo Mzee Sulaiti ni mwanajeshi wa zamani, na jeshi halijamtoka. Anatembea mgongo umenyooka, kanzu imepigwa pasi, mkono mmoja unapita juu ya uzio kama mtu anayekagua gwaride. Anakusalimu kwa jina kabla hujafungua mdomo, na ukichelewa kujibu atakugombeza. Ndiye anayeadhini msikitini kwetu. Macho yake? Alisema yana ukungu kidogo, na sisi tukaamini. Kila mtu huku anaugua kitu kidogo.

Asubuhi iliyofuata homa ilikuwa imemwacha. Akatoka. Nilikuwa kwenye karai langu la mafuta, nikamwona anapeleka mkono kwenye nguzo, anapapasa, anapata waya, anaufuata. Waya ukampeleka mpaka kwa mbuzi. Akasimama mbele yake, kifua mbele.

"Bi Drateru! Habari ya asubuhi!"

Mbuzi akamtazama, akaendelea kutafuna.

"Mbona leo iko kimya? Mzee anakusalimu, wewe unakula tu? Meza kwanza, halafu jibu!"

Weee! Damu ilinipanda kichwani. Mimi, mke wa mtu, mama wa watoto, nafananishwa na mbuzi mbele ya wateja! Nikaacha mandazi yaungue.

"Mzee! Mimi niko huku! Hiyo ni mbuzi!"

Wateja wakacheka, na mimi nilikuwa na mengine mengi ya kusema, lakini nikaona uso wake. Alinyoosha mkono taratibu, akagusa pembe. Akaurudisha mkono kifuani. Hasira yote ikanikauka, nikaona aibu.

Poni alikuwa mlangoni na ufagio. Alitazama ule waya, akatazama mkono wa mzee, akaangusha ufagio, akanisogelea.

"Haoni," akaninong'oneza. "Mama, haoni kabisa."

Tukamshika tukamkalisha kwenye benchi langu. Nikampa chai. Hakuinywa.

"Nani alikata waya yangu?"

"Ni mimi, Baba," Poni akasema. "Waliniambia imekufa. Hakuna mutu anatumia."

"Mimi nilikuwa natumia."

Akatueleza, na kila neno lilikuwa linamtoka kwa shida, maana ni mtu wa majivuno. Macho yalikuwa yamezimika zamani. Alipojua hivyo, akaushusha ule waya uliolegea, akaufunga mwenyewe kwenye nguzo. Kitambaa kimoja ni mlango wake. Viwili pamoja ni mtaro, inua mguu. Fundo kubwa ni msikiti. Watu aliwajua kwa nyayo na kwa kikohozi, na mimi alinijua kwa kusimama kwangu pale pale kila asubuhi. Hakumwambia mtu yeyote.

"Sasa Kiden anakuja kesho na pikapu," akasema. Kiden ni binti yake, anakaa Arua. "Amesikia macho yangu iko mbaya. Amesema atatazama. Akiona natembea, ananiacha. Akiona sitembei, ananibeba na kitanda yangu. Kiden ni mtoto mzuri, nyumba yake ni mzuri. Lakini huko nitakaa kwa kiti mpaka mutu anihamishe, asubuhi kwa jua, mchana kwa kivuli. Kama gunia. Na huku nani ataadhini?"

Poni alilia vibaya, kamasi na machozi. "Nilisema nenda kwenu," akawa anarudia, "nilisema nenda kwenu, kumbe mwenye waya kwao ni hapa."

"Basi kulia haifungi waya," nikamwambia. Kuna siku hasira yangu inasaidia.

Mashuka ya Poni yakatupwa majimaji ndani ya mabeseni, waya ukashushwa. Mbuzi nikamfungua, na shukrani yake ilikuwa kuingia jikoni kwangu kula unga. Kilichobaki ni kipande cha Lemi, na Lemi alikuwa ameshaondoka. Poni akapanda boda mpaka Lobule. Alimkuta anapakia muhogo, magunia yamekazwa kwa waya wetu, na Lemi akagoma kabisa, kitu kikishatolewa kimetolewa. Poni alirudi na waya. Lemi alibaki na beseni jipya la bluu, na nasikia mke wake analionyesha majirani.

Tukaunga vipande kwa mafundo. Mzee Sulaiti alitembea nyuma yetu, mkono juu ya waya, akitutesa.

"Hapa juu! Hapo imeshuka, vuta! Mtaro iko wapi? Nyinyi mnataka kuniua kwa mtaro?"

"Ndiyo Afande," Poni akajibu, akachana kitenge chake mwenyewe kufunga alama mbili za mtaro. Kitenge kizuri. Mimi nisingechana.

Kesho yake Kiden akafika. Ni mwanamke wa haraka, anasalimu huku akitazama huku na huku. Kwenye pikapu alikuwa ameshaweka kamba za kufungia kitanda. Akamkumbatia baba yake, akamshika uso, akamtazama macho kwa muda. Halafu akasema, "Baba, adhuhuri imefika. Tembea nione."

Mzee akatoka. Mkono juu ya waya, mgongo umenyooka. "Bi Drateru, habari ya mchana!" Nikajibu kwa sauti ya mtu anayeuza samaki, ili asikosee tena. Akafika kwenye mtaro, akainua mguu, akavuka. Akafika msikitini, na baada ya kidogo tukasikia adhana yake.

Lakini Kiden hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anatazama waya.

"Hii ni waya ya nani?"

"Ni yangu," Poni akasema. Poni huyo huyo ambaye hataki msumari wa mtu ukutani kwake.

"Inafanya kazi gani?"

Poni hajui kudanganya. Mimi najua, lakini siku hiyo na mimi nilishindwa.

Kiden akaushika waya. Akafumba macho, akaanza kutembea. Alikwenda kidogo kidogo, akigusa kila fundo. Kwenye vitambaa viwili akasimama, akapapasa, akatafuta kwa mguu, akavuka mtaro. Akaendelea mpaka ukutani mwa msikiti, akasimama pale, macho bado yamefumbwa, akimsikiliza baba yake mpaka adhana ikaisha.

Akarudi kwetu macho wazi, mekundu. Nikajua ameelewa yote. Poni alikuwa ameshika mkono wangu mpaka unauma, na hatukujua tuombe msamaha au tuombe mzee abaki.

"Kule kwa kona ya msikiti imelegea," Kiden akamwambia Poni. "Kaza."

"Nitakaza, dada. Leo leo."

Kiden akafuta uso kwa mtandio. Akachungulia mlango wa Poni, akaona magunia ya nyaya yamejaa ukumbini.

"Na hizi?"

"Hizo ni za ndani. Hizo kweli zimekufa, ni za kutupa."

"Pikapu inarudi tupu," akasema. "Leteni."

Tukabeba magunia, mimi na Poni, tukayapanga nyuma ya pikapu, pale ambapo kitanda cha mzee kingekaa.