Mkanda Nilioumaliza Mimi

Flashi za zamani zilikuwa na mlio. Ukiiwasha inaanza chini chini, ngiii, inapanda kama mbu anayelisogelea sikio, halafu kitaa chekundu kinawaka: tayari. Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa kikundi chetu alikuja na kamera ya namna hiyo, akaiwasha mezani, nami nikashindwa hata kumalizia chai yangu.

Kikundi chenyewe ni cha watu wa kawaida, wauza duka, walimu, fundi simu mmoja, tunaopenda kupiga picha bila kulipwa na mtu. Tunakutana ghorofani, kwenye mgahawa mmoja hapa Kariakoo, kila mtu anatoa picha yake na kusimulia kisa chake. Zamu yangu ilipofika nilisema nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka, kutwa nzima nilikuwa nimesimama dukani. Lakini si miguu iliyonizuia. Kisa nilichokikumbuka hakina picha. Acha niwasimulie ninyi.

Baba yangu alikuwa karani wa stoo ya vitambaa. Kupiga picha haikuwa kazi yake, ilikuwa maradhi yake. Tulipanga vyumba viwili hapa hapa Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji sita, uani bomba moja na choo kimoja. Kamera ilikaa juu ya kabati ndani ya mkoba wake wa ngozi, na sisi watoto tuliiogopa kuliko mwalimu wa madrasa. Mkanda ulikuwa wa picha thelathini na sita, na baba hakuupeleka kusafishwa mpaka uishe wote. Ukipigwa picha Idi hii, unaweza kujiona Ramadhani ijayo, umeshaota meno mengine. "Subira huvuta heri," baba alikuwa akisema, na mama humjibu kwamba heri ya nyumba hii inavutwa na kobe.

Idi moja, nikiwa na miaka tisa, alasiri watoto wote wa uani tulijipanga barazani na nguo zetu mpya, nyuso zinang'aa mafuta, tukipiga kelele, "Mimi! Mimi!" Baba hakuwa amepumzika tangu swala ya asubuhi, lakini alitupiga picha mmoja mmoja, na flashi iliwaka kila mara. Wa mwisho alikuwa Zaina, rafiki yangu wa chumba cha jirani. Alikuwa mtoto pekee wa Mama Zaina, mjane kutoka Nachingwea aliyeuza mitumba ya watoto pale Mchikichini. Zaina alivaa gauni la njano ambalo mama yake alilichagua mwenyewe kutoka kwenye belo. Kiatu kimoja hakikufungwa.

Wiki mbili baadaye Zaina alishikwa na homa. Siku ya nne akazikwa.

Baada ya msiba, mama zetu walitukataza kucheza rede mbele ya Mama Zaina, na walitukataza kabisa kumtaja Zaina. Akitoka kuchota maji, mazungumzo yalihamia kwenye bei ya mkaa. "Msimtoneshe kidonda," tuliambiwa. Nililimeza jina la rafiki yangu kama kidonge.

Arobaini ilipopita, Mama Zaina alibisha hodi kwetu.

"Baba Tatu," alimwambia baba yangu, "ile picha ya Zaina ya Idi?"

Picha za asubuhi ya Idi zilikuwa zimeshasafishwa, na Zaina hakuwemo. Baba alikohoa. "Yuko kwenye mkanda wa pili, dada yangu. Bado haujaisha."

"Alitokaje?"

"Alitoka vizuri. Anacheka, pengo lote nje. Kiatu kimoja hajafunga."

"Basi ndiye huyo," alisema Mama Zaina, akaenda zake.

Ikawa kila Ijumaa, akitoka sokoni, anapita mlangoni kwetu kuuliza. Na kila Ijumaa baba alimweleza ile picha, mkono ulikaaje, kola ya gauni ilikunjika upande gani. Jambo lililonishangaza ni kwamba baba aliacha kupiga picha. Mtu aliyekuwa akipiga hata jogoo wa jirani! Harusi zilipita, unyago ulipita, mkanda umesimama kwenye thelathini na moja. Siku moja nilimwambia Mama Zaina kwamba nitamsukuma baba aumalize. Akanishika bega. "Mwache, Tatu. Mimi sina haraka."

Mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa na kile kimbelembele cha miaka tisa cha kutaka kumaliza matatizo ya watu wazima. Mchana mmoja, baba akiwa kazini, nilipanda stuli, nikashusha kamera, nikapiga picha tano: kuku, kuku tena, ndoo, pazia, na mguu wangu. Kamera ikanguruma, ikaurudisha mkanda yenyewe. Nilitoka mbio hadi uani.

"Mama Zaina! Mkanda umeisha! Picha ya Zaina inakuja!"

Alikuwa anafua. Mikono ilisimama ndani ya povu. "Umeisha?"

"Nimeumaliza mimi!"

"Ahsante, mwanangu," alisema, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango, nguo zimebaki kwenye beseni. Nilidhani ameenda kulia kwa furaha.

Baba aliporudi nikamwambia, naye akakaa kitandani na viatu miguuni. "Tatu," alisema, "umenimaliza." Hakunichapa, na hilo lilinitisha zaidi.

Picha zilipotoka, alizungumza na Mama Zaina barazani, mimi nikatumwa kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo nyumbani. Niliambiwa picha ya Zaina imeungua. Tangu siku hiyo Mama Zaina hakuja tena kuuliza, na kabla mwaka haujaisha alirudi kwao Nachingwea. Niliishi miaka mingi nikiamini kwamba niliiunguza mimi kwa kuchezea kamera.

Mwaka jana baba aliugua, na akiwa kitandani ndipo aliponiambia ukweli. Idi ile mkanda ulikwisha asubuhi. Alasiri alituwashia flashi tupu, alikuwa amechoka na hakutaka tulie. Zaina hakupigwa picha. Mkanda mpya aliuweka siku ya pili yake.

"Na Mama Zaina alijua," alisema. "Nilipompelekea bahasha ya picha akaniambia, 'Nilikuona ukiweka mkanda siku ya pili ya Idi, Baba Tatu. Nilikuwa naanika nguo.' Alijua tangu mwanzo."

"Sasa alikuwa anakuja kufuata nini?"

"Hata mimi sijui, mwanangu."

Baba amefariki. Siku hizi nikiingia jikoni, wifi zangu wanageuza mazungumzo. Dukani wenzangu wakiniona wanaanza habari za vitenge. Wananihurumia, najua, na huruma hiyo imenichosha kuliko msiba wenyewe. Natamani mtu mmoja tu aniulize mzee alikuwa akivaaje kofia yake, akicheka vipi.

Picha haikuwepo, na Mama Zaina alijua haipo. Katika Kariakoo nzima, ni mlangoni kwetu tu ambapo jina la mwanawe lilikuwa bado linatajwa. Nami nilipafunga, kwa picha tano za kuku na ndoo.